Asiyelala Kwetu Asiandike

Kama kungekuwa na njia ya kuingia ndani ya simu na panga mkononi, Nyaguthii angeingia akaing'oe ile nyota na mizizi yake. Kila asubuhi, kabla hata hajawasha jiko, alifungua ramani ya simu, akaandika Wanja Lodging, Wabera, Isiolo, akangoja mtandao uamke, na hapo alikuwa anaiona tena. Nyota moja. Chini yake maneno ya mtu anayejiita Racho wa Merti:

"Huyu mama alinikubali mimi akamkataa mama yangu. Mvua ilikuwa inanyesha. Tulilala kwa steji."

Basi, hayo tu. Hakutukana, hakulaani, hakuandika kwa herufi kubwa kama wenye hasira. Afadhali angetukana, maana tusi lina jibu lake.

Nyaguthii alimjibu hata hivyo. Alikaa kwenye kizingiti cha loji yake, miwani puani, akachapa kwa kidole kimoja: "Huyu hakulala kwetu hata siku moja. Hajui kitanda, hajui shuka, hajui maji moto. Asiyelala kwetu asiandike." Akatuma, akasikia raha, ile raha ya kujikuna mahali panapowasha. Baadaye mahali hapo huchubuka, lakini nani huwaza hayo wakati bado anajikuna.

Tuseme ukweli, loji ile ndiyo ilikuwa maisha yake. Vyumba vya chini, vyumba vya juu, ua wenye kamba za kuanika shuka, na jina la binti yake Wanja limeandikwa kwenye ukuta wa mbele wa kijani. Yeye na marehemu mumewe walitoka Karatina wakaja Isiolo kuuza viazi, wakaishia kujenga. Mume alipokufa, kaka yake Nyaguthii alimpigia akamwambia arudi nyumbani, kuna chumba nyuma ya jikoni atakipata. Nyuma ya jikoni, hebu fikiria. Mtu aliyezoea kuamka na kufungua geti lake mwenyewe, aende akangoje wifi amwambie ndoo iko wapi. Alikataa, na akaapa kwamba hatarudi Karatina akiwa hai. Loji ikiwa wazi, yeye ni Mama Wanja wa Wabera, mtu anayesalimiwa kwa heshima na anayeombwa ushauri. Ikifungwa, yeye ni mzigo wa watu.

Na ilikuwa inaelekea kufungwa. Barabara kubwa ilikuja na hoteli zake mpya, za madirisha ya vioo na runinga ukubwa wa kitanda, na wageni wakafuata vioo. Vyumba vya juu vya Nyaguthii vilikaa vitupu mpaka buibui wakajiona wenye nyumba. Waliobaki walikuwa madereva wa malori, watu wema lakini si watu wa kuandika. Dereva hulala, huondoka kabla ya adhana, na sifa zake anamwachia Mungu.

Ndipo akaja Muthomi. Huyu alikuwa kijana wa Meru, afisa wa shirika moja linalofunza wahudumu wa afya wa vijijini, na shirika lilitaka mahali pa kuwalaza wanafunzi wake mwaka mzima, kundi likitoka lingine linaingia. Alizunguka vyumba vyote, akabonyeza magodoro, akafungua bomba akaona maji, akanusa shuka bila aibu. Nyaguthii alimfuata nyuma, roho mkononi.

"Mama, hapa ni pasafi," Muthomi akasema. "Ingekuwa ni mimi, ningewaleta kesho. Lakini ofisi ya Nairobi haiji kuona. Wao wanafungua simu tu. Mahali pakiwa chini ya nyota nne, hata jina hawasomi. Wanaamua Ijumaa ya wiki ijayo."

"Na mimi niko na moja."

"Niliona. Si umwambie huyo mteja abadilishe? Watu hubadilisha. Anaingia pale pale alipoandika, anaweka nyota ingine."

"Huyo si mteja," Nyaguthii akasema. "Huyo hakulala hapa."

"Basi sijui, mama. Jaribu tu. Nisingependa ukose."

Akaondoka kwa boda, na Nyaguthii akabaki getini na uchungu wake. Kuwalaza wanafunzi hao mwaka mzima kungemwokoa. Bila hiyo, mwezi haungeisha kabla hajafunga. Alilijua hilo vile mtu anajua njaa, bila kuambiwa.

Sasa, jioni ile ya mvua ilikuwaje? Nyaguthii alikuwa na maelezo yake, na aliyatoa kwa yeyote aliyesimama. Nyuma kidogo kulikuwa na mgeni aliyekuja bila kitambulisho, mtu wa maneno matamu, akalala siku mbili, na alipoondoka aliondoka na runinga, pazia na hata balbu. Tangu hapo Nyaguthii akajiwekea sheria: hana kitambulisho, hana kitanda. Haijalishi ni nani. Basi jioni hiyo pikapu ya Merti ikashusha watu kituoni, pale steji, na mlangoni wakasimama wanawake wawili, msichana na mama yake mzee mwenye kitambaa jichoni. Msichana akatoa kitambulisho. Mzee hakuwa nacho, wala hajawahi kuwa nacho. Alikuwa na karatasi fulani ya kusubiri kitambulisho, imelowa na kukunjika mpaka haisomeki.

"Wewe ingia," Nyaguthii alimwambia msichana. "Yeye hapana. Ni sheria. Pole sana."

Alisema pole. Hilo alilikumbuka vizuri na alilitegemea. Alisema pole, na kwa sauti nzuri, kabla ya kurudisha komeo.

Jirani yake Bridget aliposikia habari ya nyota nne, alicheka mpaka akashika kiuno. Bridget alikuwa mwenyekiti wa ushirika wa kina mama kanisani, mwanamke ambaye hajawahi kukutana na shida akakosa kuiundia kamati.

"Mama Wanja, unalia nini na sisi tuko? Watu wamechangiwa arusi, wamechangiwa matanga, wamechangiwa karo. Wewe tutakuchangia nyota."

Na kweli, Jumapili baada ya ibada, kina mama wakabaki ukumbini. Intaneti ya kanisa ikafunguliwa kwa idhini ya katibu. Bridget akasimama mbele akafundisha: unaingia hapa, unabonyeza hapa, nyota ya mwisho kabisa, halafu unaandika neno lako. Waliokuwa na simu waliandika, wasio na simu waliazimwa. Aliyesahau miwani aliandikiwa. Kinya, ambaye nyumba yake iko ng'ambo tu ya barabara na hajawahi kulala nje ya kitanda chake tangu aolewe, aliandika kwamba Wanja Lodging ilimpa usingizi wa ajabu. Mwingine aliandika "Mungu ni mwema." Mwingine, bibi wa watu, akaandika "Amina" na nyota tano. Hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kulala pale, na hakuna hata mmoja aliyeona ubaya wake, Nyaguthii mwenyewe akiwemo. Mchango ni mchango.

Jioni hiyo loji ilikuwa na nyota zinazokaribia tano. Nyaguthii aliiangalia simu akalia kwa furaha. Alimpigia Muthomi, Muthomi akasema mama umeweza, nitawatumia Nairobi. Akalala usingizi wa mtoto.

Jumanne asubuhi akafungua ramani. Akafikiri simu imeharibika. Akaizima akaiwasha. Nyota zilikuwa zimefagiwa zote, usingizi wa ajabu wa Kinya umeenda, Amina imeenda, na hata zile nyota tano ambazo Wanja alimwekea mamake Jumapili hiyo kutoka Nairobi zilikuwa zimeenda na mafuriko. Palikuwa na ilani fupi kwamba maoni yaliyoshukiwa si ya kweli yameondolewa. Wenye ramani waliona watu wengi, mahali pamoja, saa moja, wote wakisifu kitanda kimoja, na wakajua. Ushirika wa kina mama hawaujui.

Iliyobaki ilikuwa moja tu, maana ndiyo peke yake iliyokuwa ya kweli. Racho wa Merti. Steji. Mvua.

Nyaguthii alikaa chini sakafuni pale pale jikoni. Hakulia. Alikuwa kama mtu aliyekimbilia gari na gari likamwacha. Bridget alikuja akiwa na wazo la kurudia mchango kwa intaneti ya shule. Nyaguthii akamwangalia tu, na Bridget akaenda zake.

Aliandika tena chini ya maneno ya Racho, safari hii kwa unyenyekevu: "Dada Racho, ni mimi mwenye loji. Naomba tuongee. Nipe namba yako." Hakujibiwa. Akaandika tena: "Tafadhali dada." Kimya. Akaifungua picha ya huyo Racho, akaikuza mpaka ikapasuka. Alikuwa ni kijana wa hijabu ya kahawia amesimama mbele ya kibanda cha mabati, na nyuma yake bango: Racho Simu na Chaji.

Akaipeleka ile picha steji ya pikapu za Merti, akamwonyesha dereva.

"Huyu? Huyu ni Racho ya kuchaji simu. Merti nzima inamjua," dereva akasema. "Unataka nimpelekee kitu?"

"Nipeleke mimi."

Jumatano akapanda, na kifurushi cha sukari na majani ya chai mapajani. Barabara ya Merti haina adabu. Ilimrusha, ikampiga, ikamjaza vumbi puani na masikioni, na njia nzima alikuwa anapanga maneno. Angeanza na salamu. Halafu angesema kwa upole kwamba biashara ni kitu kidogo kuvunjika. Halafu angemweleza habari ya runinga iliyoibwa, maana mtu mwenye akili akisikia habari ya ile runinga lazima aelewe. Halafu angeomba. Ikibidi angepiga magoti. Kichwani mwake ilienda vizuri kila mara.

Walifika jua limeanza kulegea. Kibanda kilikuwa kama kwenye picha, simu za watu zimepangwa mezani na nyaya zake, na Racho ameinama anafungua moja kwa bisibisi. Aliinua macho. Akamtazama Nyaguthii kidogo, halafu akaweka bisibisi chini.

"Habari yako, msichana," Nyaguthii akasema.

"Nzuri. Karibu, mama. Umetoka mbali, uko na vumbi mpaka kwa kope." Racho akafunga kibanda hapo hapo, wateja wakingoja simu zao. "Twende nyumbani uoge kwanza."

"Nilikuja kwa sababu ya..."

"Utakula kwanza," Racho akasema.

Huko mgeni haulizwi kilichomleta kabla hajala, na akifika jioni haulizwi mpaka kesho yake. Nyaguthii hakuyajua hayo. Yeye alijua tu kwamba maneno yake yote aliyoyapanga yamekwama, na Ijumaa inakuja, na huyu msichana anamchemshia maji ya kuoga. Kila alipofungua mdomo aliletewa kitu. Alipewa maji, akapewa maziwa ya ngamia, akapewa chai, akapewa wali na nyama ya mbuzi. Hakuna aliyemuuliza jina lake, wala kitambulisho.

Mama yake Racho aliitwa Habsa. Jicho moja lilikuwa limeshatibiwa na bado lilikuwa na machozi machozi, na jingine lilikuwa na utando mweupe. Alishika mkono wa Nyaguthii akaupapasa kiganja, akasema kitu kwa Kiborana.

"Anasema una mkono wa mtu anayefua," Racho akatafsiri. "Anauliza umetoka wapi. Nimemwambia ni mgeni wa Isiolo."

Mzee aliposikia Isiolo, alifurahi. Alikaa sawa kwenye mkeka akaanza kusimulia, na Racho, kikombe mkononi, akawa anatafsiri neno kwa neno, uso wake mkavu kabisa.

"Anasema Isiolo anaijua. Alienda na mimi kutibiwa jicho. Mvua ilikuwa kubwa. Tukafika kwa nyumba moja ya kulala, ya kijani. Akatoka mwanamke. Yeye hakumwona sura, macho yalikuwa mabaya, lakini alisikia sauti. Ilikuwa sauti nzuri, anasema. Sauti ya mtu ambaye amelea watoto."

Nyaguthii akaweka chai chini.

"Anasema huyo mama alituambia, wewe ingia, yeye hapana. Anasema mimi nilikataa kuingia. Yeye aliniambia niingie, nilale, ataningoja kwa steji, hata mbuzi hulala nje. Mimi nikakataa. Tukakaa huko mpaka asubuhi. Daktari akamkuta na homa, akatibu jicho moja tu, akasema la pili haliwezekani siku hiyo, arudi." Racho akamsikiliza mama yake, akaendelea. "Anasema mvua ilikuwa ya Mungu, hiyo haimsumbui. Kitu kimoja tu hajaelewa mpaka leo. Yule mama alituambia pole, halafu akafunga. Anauliza, hiyo pole ilikuwa ya nini?"

Nyaguthii alitamani ardhi ipasuke. Aliona aibu ambayo hajawahi kuiona tangu azaliwe, aibu ya kupanda mpaka masikioni, na ile hadithi ya runinga iliyoibwa ilikuwa pale pale ulimini, tayari, na haikuwa na thamani yoyote. Alimwangalia Racho. Racho alikuwa anaangalia chai.

Mzee akaongeza jambo, polepole.

"Anasema tunarudi mwisho wa mwezi kwa jicho la pili," Racho akasema. "Anauliza, kwa sababu wewe ni wa Isiolo, kama unajua nyumba ambayo mtu bila kitambulisho anaweza kulala."

 Nje mbuzi walikuwa wanasukumana zizini.

"Mwambie alale kwangu," Nyaguthii akasema.

Sasa Racho ndiye aliyeinua macho. Akamtazama, akatafsiri. Mzee akaushika tena ule mkono wa kufua, akaufunika kwa mikono yake yote miwili, akasema maneno mengi ya polepole ambayo Racho hakuyatafsiri hata moja. Usiku ule Nyaguthii alilazwa kwenye kitanda cha Habsa, na Habsa akalala kwenye mkeka, na kukataa kwa mgeni hakukusikilizwa na mtu.

Asubuhi Racho alimsindikiza mpaka kwenye pikapu. Ndipo yakamtoka Nyaguthii.

"Racho, wewe hunijui."

"Nilikujua uliposema habari," Racho akasema. "Mama hajui, na sitamwambia. Amekupenda."

"Basi unajua nimefuata nini."

"Nyota."

"Kesho wanaamua," Nyaguthii akasema, na ule upole alioupanga njiani ukaisha wote, sauti ikatoka kama ya mtu anayezama. "Nikikosa hii nafunga. Nikifunga sina mahali, narudi kukaa kwa watu kama mtoto yatima, na umri huu. Badilisha tu, msichana wangu. Hata kama ni nne. Nakuomba kwa Mungu wako na wangu. Nilikosea, nimekubali. Nitakuja kuwachukua steji mimi mwenyewe, nitampikia, nitamwekea maji ya moto. Badilisha sasa hivi, niende nikiwa na amani."

Alikuwa ameanza kushuka magoti kwenye mchanga, na dereva akaangalia kando. Racho akamshika mikono yote akamsimamisha. Macho ya msichana yalikuwa yamelowa. Akatoa simu, akatafuta, akasoma kwa sauti ya chini:

"Asiyelala kwetu asiandike."

Nyaguthii akakung'uta mchanga kwenye nguo.

"Hapo ulisema kweli, mama. Nilikaa nikafikiria sana, nikaona ni kweli. Niliandika juu ya mlango, lakini kitanda sikukijua. Na nikiandika tano leo, nitakuwa nimefanya hivyo hivyo tena, niseme kitu ambacho sijaona. Wale wengine walioandika tano, si niliwaona wakiondolewa?" Akarudisha simu mfukoni. "Tunakuja mwisho wa mwezi. Tukilala, nitaandika."

"Mwisho wa mwezi nitakuwa nimefunga."

Racho akampangusa vumbi begani. Alitafuta la kumwambia, na alichokipata ni neno moja.

"Pole, mama," akasema. "Pole sana."

Na Nyaguthii akaitambua ile pole. Ilikuwa yake. Aliisikia mwilini mwote, sasa akiwa upande wa pili wa mlango, na akajua kwamba msichana hakuisema kwa kulipiza, aliisema kwa sababu hakuwa na kitu kingine. Pikapu ikawaka, akapanda, akarudi Isiolo na vumbi lake.

Ijumaa Muthomi alipiga simu. Alijaribu, akasema. Aliwaandikia hata barua pepe ndefu. Wamechagua hoteli moja ya vioo karibu na barabara kubwa. Nyaguthii akamshukuru, akamwambia asijali, akakata simu, halafu akaingia chumba kimoja cha juu, akajifungia, akalia kwa sauti, kilio cha matanga, mpaka Bridget akaja kugonga. Bridget hakuwa na wazo la kamati siku hiyo. Alikaa naye tu kitandani akamshika bega.

Baada ya hapo mambo yalienda haraka. Kaka yake alikubali kuleta lori. Watu wakaja kununua vitanda, meza, ndoo, pazia, wakibishana bei mbele ya machozi ya mwenye mali bila haya. Chumba kimoja kimoja kikawa mwangwi. Lakini palikuwa na kitanda kimoja, cha chumba cha chini karibu na bomba, mahali ambapo mzee asiyeona vizuri hahitaji kupanda ngazi. Hicho kila aliyekiuliza aliambiwa hakiuzwi.

"Lori linakuja Jumatatu," kaka yake akasema kwenye simu.

"Lingoje kidogo. Nina wageni."

"Wageni gani na umefunga?"

"Nina wageni," Nyaguthii akarudia, na kwa ile sauti kaka yake alijua asibishane.

Siku ya pikapu alikuwa steji mapema. Hapakuwa na wingu hata moja, lakini alikuwa amebeba mwavuli. Aliwateremsha, akamshika Habsa mkono, akawaingiza kwenye ile nyumba ya kijani, na geti alikuwa ameliacha wazi tangu asubuhi. Racho aliona ua mtupu, kamba zisizo na shuka, milango ya vyumba imefunguka juu ya sakafu tupu. Alisimama katikati akaelewa. Nyaguthii akamwambia aingie, chai itapoa.

Mama na binti walilala kwenye kile kitanda kimoja, chini ya shuka zilizopigwa pasi. Nyaguthii alilala kwenye mkeka koridoni, maana kitanda kingine hakikuwepo. Asubuhi alimpikia mzee uji, akawasindikiza hospitali, akawangoja, akawarudisha steji, jicho limefungwa vizuri. Hakutaja nyota. Racho pia hakutaja. Walishikana mikono kwa muda mrefu, na Habsa akasema yale maneno yake ya polepole, ambayo Nyaguthii sasa alikuwa anayajua kwa sauti ingawa si kwa maana.

Lori likaja. Kile kitanda kikapanda cha mwisho.

Chumba cha nyuma ya jikoni kilikuwa kidogo kuliko alivyokumbuka, na kilinuka moshi wa miaka. Wanja, kutoka Nairobi, aliingia kwenye ramani akaandika kwamba Wanja Lodging imefungwa kabisa, ili watu wasisumbuke kuitafuta. Lakini mazoea ni mazoea. Asubuhi moja, kabla jiko la wifi yake halijawaka, Nyaguthii alifungua simu, akaandika jina lile, akangoja mtandao.

Juu kabisa, kwa maandishi mekundu: Imefungwa kabisa. Chini yake, nyota tano. Racho wa Merti, amebadilisha maoni yake.

"Mama yangu alilala. Shuka zilikuwa safi, maji yalikuwa moto. Tulipofika mlango ulikuwa wazi."

Alisoma. Akavua miwani akaipangusa kwa ncha ya leso, akasoma tena. Hakuna mtu ambaye angeisoma hiyo tena na kuja kulala. Kule hakuna hata kitanda.

"Mama Wanja," wifi yake akaita kutoka jikoni. "Maji yamekwisha."

"Nakuja," akajibu. Lakini alikaa kwanza. Alichapa kwa kidole kimoja, polepole, akihakikisha kila herufi: "Asante. Karibuni tena." Akatuma, akaweka simu kwenye mfuko wa aproni, akaenda kuchukua ndoo.